Fedha Isiyokuwa Fedha

Katika lugha yetu neno fedha hubeba mizigo miwili. Ni madini meupe anayoyafua sonara, na ni mali tunayokwenda nayo dukani. Wazee waliotuachia neno hili waliishi katika biashara ya Bahari ya Hindi, ambako sarafu kubwa ilikuwa ya fedha kweli, na aliyeipokea hakuona haya kuipima kwa mizani au kuigonga asikilize mlio wake. Sarafu ninazotaka kuzizungumzia hapa zinaisumbua lugha hiyo. Kwa maana ya pili ni fedha. Kwa maana ya kwanza ni fedha kidogo mno. Wafaransa huyaita madini yake billon, nami nitaandika biloni: shaba iliyochanganywa na fedha, fedha ikiwa chini ya nusu, na aghalabu chini ya robo.

Msomaji asidhani jambo hili liko mbali naye. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921, ile yenye simba mbele ya milima, ilikuwa na fedha asilimia 25 tu. Hiyo nayo ilikuwa biloni. Iliendelea hivyo hadi zile za mwaka 1946, na za kuanzia 1948 hazikuwa na fedha hata chembe, bali shaba na nikeli. Sisi tuliozaliwa baada ya vita tulizikuta zote mbili zikitembea pamoja, tukazitoa kwa muuza sukari kwa thamani moja. Muuza sukari hakuuliza fedha iko wapi. Aliuliza shilingi iko wapi.

Nimekuwa nikikusanya biloni za makoloni ya Ufaransa kwa miaka mingi, kwa kadiri pensheni ya mwalimu inavyoruhusu, na inaruhusu kidogo. Sikusudii kusimulia nilivyozipata. Nakusudia kuihukumu kazi yenyewe ya ukusanyaji: jinsi tunavyozisifu sarafu hizi, tunavyozipanga na tunavyozipa thamani. Nathubutu kusema kwamba kwa sarafu za aina hii tumeishika rula kichwa chini.

Kwanza tuzitazame zenyewe. Mwaka 1738, enzi ya Louis XV, Ufaransa ilianza kutoa sarafu ya biloni ya sou mbili, yenye herufi L ya jina la mfalme, taji na maua ya yungiyungi. Iliendelea kupigwa hadi mwaka 1764, ikatumika Ufaransa kwenyewe na kuvuka bahari hadi Kanada, Louisiana na visiwa vya Karibi. Mwaka 1779 hadi 1781 kiwanda cha Paris kilipiga sarafu ya sou tatu kwa ajili ya visiwa viwili vya Bahari ya Hindi, Isle de France, ambayo leo ni Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Katika miaka hiyo ya 1780 ilitoka pia ya sou mbili kwa ajili ya Cayenne, Amerika ya Kusini. Baadaye, ufalme uliporudi baada ya Napoleon, Bourbon ilipewa senti kumi za biloni mwaka 1816, na Guyana ya Kifaransa ikapewa zake mwaka 1818. Familia nzima ya sarafu hizi ni ndogo kwa umbo, nyembamba, na nyingi zimeiva rangi ya masizi. Katika visiwa vya Waingereza huko Karibi, ambako zilijipenyeza kwa wingi, watu walizipa jina la mbwa mweusi, na serikali za visiwa hivyo zikazigonga chapa zao juu ya chapa ya mfalme wa Ufaransa ili zikubalike sokoni.

Weusi huo una sababu yake, na sababu hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika uhakiki wa sarafu hizi. Kabla ya kupigwa chapa, visahani vya biloni vilichovywa katika maji makali. Maji hayo yalikula shaba ya juujuu na kuiacha fedha, hata kila kisahani kikavaa ngozi nyembamba nyeupe. Sarafu ilitoka kiwandani iking'aa kama fedha safi. Ikaingia mifukoni, ikasuguana na funguo na vidole vyenye jasho, na baada ya muda ngozi ile ikaisha, shaba ikatokeza, ikashika kutu na kusawijika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wafalme wa Ufaransa hawakungoja kusifiwa. Tembo lilitiwa maji tangu mgemani, na kibuyu kikapakwa chokaa.

Hapa sina budi kuzitaja sarafu za kwetu. Karne nyingi kabla ya Louis XV, masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba. Upande mmoja waliandika jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zilipatanishwa kwa vina. Mtu aliyeigeuza sarafu mkononi aligeuza kipande cha utungo. Sarafu ya Kilwa ilikuwa shaba, ikaonekana shaba, ikapokelewa kama shaba. Haikuvaa kanzu ya kuazima. Nikiziweka bega kwa bega kwa jicho la mhakiki, naona kwamba fundi wa Paris alimzidi wa Kilwa kwa mashine na kwa usawa wa duara, lakini wa Kilwa alimzidi kwa unyofu. Sarafu ni tamko. Tamko la biloni mpya lina uwongo ndani yake, na uwongo huo unaondoka kwa namna moja tu, nayo ni kutumiwa.

Ndiyo maana nashangazwa na kipimo chetu cha thamani. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa utaratibu wa kuzipa sarafu alama kuanzia 1 hadi 70. Aliuandaa kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, lakini umeenea hadi sarafu zote. Sabini ni ya sarafu isiyokuwa na mkwaruzo hata mmoja; moja ni ya ile inayotambulika kwa shida. Wafaransa wana daraja zao za maneno, na mtu aliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi hawezi kuzisoma bila kutabasamu. Sarafu iliyofutika karibu yote huitwa nzuri. Iliyochakaa sana huitwa nzuri sana. Iliyochakaa kiasi huitwa nzuri sana sana. Mwalimu akiandika hivyo katika ripoti za muhula, mkaguzi angemwita ofisini.

Tuache mzaha. Kipimo hiki kinauliza swali moja tu: sarafu imefanana kiasi gani na ilivyokuwa siku iliyotoka kiwandani? Kwa medali, iliyotengenezwa ili itazamwe, swali hilo ni la haki. Kwa sarafu ya dhahabu iliyofichwa kasikini kama akiba, lina haki pia. Lakini biloni ilitengenezwa ili itembee. Ilikuwa chenji: ya mkate, ya mshumaa, ya kivuko, ya glasi ya kinywaji. Biloni iliyobaki nyeupe kwa miaka 240 ni ile iliyolala, kwa bahati au kwa kusahauliwa. Kuipa alama za juu kuliko zote ni kama kumpa zawadi ya mahudhurio mwanafunzi ambaye sare yake haijawahi kufika shuleni ikachafuka.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba sarafu iliyofutika haisomeki, na mtaalamu anahitaji kuona kila herufi ili ajue kiwanda na mwaka. Ni kweli, nami nakubali bila ubishi. Herufi moja ndogo hutenganisha kazi ya Paris, yenye A, na ya Lyon, yenye D, ya Metz, yenye AA, na ya Strasbourg, yenye BB. Bila vielelezo vizuri elimu hii isingekuwapo. Ernest Zay aliyetoa mjini Paris mwaka 1892 historia yake ya sarafu za makoloni ya Ufaransa, na Mmarekani Robert Vlack aliyetoa mwaka 2004 orodha yenye picha ya biloni za Kifaransa zilizotumika Amerika, wametufanyia kazi ambayo mkusanyaji wa kijijini kama mimi hawezi kuilipa. Kabla yao mambo yalikuwa vurugu. Vlack hakuziacha hata sarafu za kughushi za enzi hizo, maana biloni ilighushiwa sana: mtu mwenye shaba na muhuri wa wizi alipata faida ileile aliyoipata mfalme. Mara nyingine natazama ya kweli na ya bandia, zote mbili zimechakaa, zote mbili zilinunua mkate, na najiuliza hakimu angesema nini kama mwokaji angeitwa kutoa ushahidi.

Lakini ubora wa kielelezo cha kufundishia ni jambo moja, na heshima ya kitu ni jambo lingine. Orodha hupanga sarafu kwa kiwanda, kwa mwaka, kwa uadimu na kwa hali. Vipimo hivi vyote vinne vinahusu kuzaliwa kwa sarafu na kubaki kwake. Hakuna hata kimoja kinachohusu maisha yake. Mkusanyaji anayefuata orodha peke yake hujua mahali sarafu ilipopigwa na idadi iliyosalia duniani, asijue kwa nini ilihitajika. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vina waundaji, na waundaji wana wanaowabebea mbao.

Chukua hiyo ya sou tatu ya Isle de France na Bourbon, ambayo kwa msomaji wa pwani yetu ndiyo iliyo karibu kuliko zote. Kwa nini visiwa viwili vidogo vilihitaji chenji? Kwa sababu fedha nzuri haikukaa humo. Piastre za Kihispania, ambazo wazee wetu wa pwani walizijua kwa jina la reale, ziliingia visiwani zikatoka tena, zikaenda kununua bidhaa za India na za Mashariki. Ndani ya visiwa watu walibaki na noti za karatasi, na karatasi hainunui mkate mmoja. Biloni ikaletwa kuziba pengo la chini, la matumizi madogo ya kila siku.

Sasa tutazame pengo la juu. Mwaka 1776, miaka mitatu tu kabla ya sarafu hiyo ya kwanza, Mfaransa aitwaye Morice alifika Kilwa akafanya mkataba na Sultani. Mkataba huo uliahidi watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kwa kila mtu, na juu yake zawadi ya piastre 2 kwa Sultani kwa kila kichwa. Hesabu yake ni ya darasa la nne: piastre 20,000 za bei na 2,000 za zawadi, jumla 22,000 kwa mwaka, kama ahadi ingetimizwa yote. Soko lililongoja mateka hao lilikuwa mashamba ya visiwa hivyohivyo viwili ambavyo majina yake yamezungushwa katika sarafu ya sou tatu. Njia ya kutoka bara kuingia Kilwa ilipita katika nchi za Wayao na Wamakua, na ni watu wa nchi hizo na za majirani zao waliopandishwa melini.

Kwa hiyo palikuwa na fedha mbili. Moja ilikuwa nyeupe, nzito, ya kweli hadi kiini chake, na ilimnunua mtu. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya shaba iliyopakwa weupe, na ilinunua mkate wa anayesimamia mtu aliyenunuliwa. Katika visanduku vya wakusanyaji piastre hukaa juu, na biloni hukaa chini, kwa sababu ya kiasi cha fedha kilichomo. Mimi sioni kwamba usafi wa madini unaisafisha biashara yake. Ukitaka kujua sarafu ipi ilikuwa chafu, usiulize iliyo nyeusi.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba naitwisha sarafu mzigo usiokuwa wake, kwamba kipande cha shaba hakikuweka sahihi mkataba wowote. Ni kweli. Sarafu haina dhambi. Lakini mkusanyaji ana kalamu, na kadi anayoiandika chini ya sarafu ni kazi ya kalamu yake. Nimesoma kadi nyingi na maelezo mengi ya mauzo. Nimekuta maneno marefu juu ya uzuri wa taji, juu ya uadimu wa mwaka fulani, juu ya rangi nzuri ya kahawia. Kuhusu watu ambao kazi yao ilivifanya visiwa hivyo kuwa na soko hata kuhitaji chenji, aghalabu sikukuta neno. Visiwa vinasemwa kana kwamba vilikuwa na wafalme, mabaharia na wapiga chapa tu. Hilo si kosa la sarafu. Ni upungufu wa usomaji.

Na tusiseme kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Mtu aliyechapisha mwaka 1965 kitabu kuhusu Wafaransa katika kisiwa cha Kilwa, ambamo mkataba huo wa Morice umo, ni G. S. P. Freeman-Grenville, mtu yuleyule aliyejitaabisha kwa miaka kuzichunguza sarafu za pwani yetu. Jicho lililosoma vina vya shaba ya Kilwa ndilo lililosoma bei ya watu katika karatasi za Wafaransa. Kwake elimu ya sarafu na elimu ya watu hazikuwa vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Ndivyo napenda mkusanyaji awe, hata yule mwenye sarafu tano tu katika bati la biskuti.

Utumwa ulipigwa marufuku Morisi mwaka 1835, chini ya Waingereza walioiteka mwaka 1810, na Bourbon mwaka 1848, mwaka uleule ambao kisiwa hicho kilirudishiwa jina la Réunion. Tazama majina yanavyopita: Bourbon, Réunion, Bonaparte, Bourbon tena, Réunion tena. Kila utawala ulitaka jina lake lisomwe. Sarafu ya mwaka 1816 bado inasema Bourbon, kwa jina la ukoo wa kifalme ambao Ufaransa iliuondoa madarakani mwaka 1830. Wanaodumu ni wale ambao hawakuandikwa: wajukuu wa waliovushwa kutoka pwani hii na kutoka Madagaska wako Réunion na Morisi hadi leo, na lugha zao, ngoma zao na vyakula vyao havikuhitaji kiwanda cha Paris kuvigonga chapa.

Basi niseme waziwazi ninachopendekeza. Kwanza, biloni isisuguliwe. Wapo wanaoichovya tena katika tindikali ili weupe urudi, na hivyo wanarudisha uwongo ambao muda ulikuwa umeuondoa. Weusi ule ni hati. Pili, tunapoipa alama, tuwe na safu mbili kama tulivyokuwa nazo katika ripoti za shule: moja ya usafi, nyingine ya kazi. Sarafu iliyochakaa kwa usawa pande zote, ambayo ukingo wake umelainika na taji limebaki kama kivuli, ipate alama zake kamili katika safu ya pili. Mnunuzi wa sarafu safi abaki na haki yake ya kulipa zaidi. Soko ni soko. Lakini bei isiitwe ubora. Tatu, kadi iongezwe mstari mmoja. Baada ya kiwanda, mwaka na madini, iandikwe sarafu hiyo ilitumika wapi, na mahali hapo paliishi kwa kazi ya nani.

Kwa ile ya sou tatu, kadi yangu inasomeka hivi: Paris, 1780, biloni, imechakaa sana. Ilikuwa chenji ya Isle de France na Bourbon, visiwa vya mashamba vilivyolimwa na watumwa kutoka Afrika Mashariki na Madagaska. Kwa mkataba wa 1776, bei ya mtu mmoja Kilwa ilikuwa piastre 20.

Ni maneno machache, na yanatosha kwenye kipande cha karatasi kisichozidi upana wa kiganja. Wauzaji hawatayapenda, kwa kuwa hayaongezi bei. Hata hivyo nimewaonyesha watu kadhaa kadi hiyo, na nimeona wanavyofanya. Kabla ya kuisoma, huishika sarafu kwa ncha za vidole, kama kitu duni, wakauliza inauzwaje. Baada ya kuisoma, hawaulizi bei. Huigeuza upande wa pili, polepole, na kuitazama tena.